Kumfumia Mgonjwa wa Figo Kifuniko cha Miguu, na Kukimaliza Mwenyewe Akiwa Hayupo

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Ngamiani alinijia na mfuko mtupu na macho mekundu. Mama yake ameanza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, kila safari saa nne nzima kitandani, na Ramadhani hiyo inabisha hodi. Alikuwa amesikia kwamba mie nilifuma kipindi chote baba yangu alipokuwa kwenye mashine. Nilikaa naye jioni mbili. Haya ndiyo niliyomwonyesha, pamoja na yale niliyosahau kumwambia.

Watu huuliza: Tanga na joto hili, kufuma kwa ajili gani? Sweta si za watu wa Lushoto? Sawa, lakini mgonjwa akiwa kwenye mashine, damu yake inatoka mwilini, inapita kwenye mirija na kichujio, ndipo inarudi, na njiani inaweza kupoa. Wagonjwa wengi wa figo pia wana upungufu wa damu, kwa hiyo baridi huwapata upesi. Baba alikuwa mvuvi wa Sahare, mtu wa kulala ngalawani kifua wazi. Ikifika saa ya pili ya mashine, meno yalikuwa yakigongana. Kanga haikutosha, na blanketi la dukani lilimlemea miguu na kuburura sakafuni.

Hatua ya 1: Uzi

Pamba. Usiniletee nailoni hata kama ni nusu bei. Nailoni haifyonzi jasho, na mgonjwa huyo huyo anayetetemeka saa ya pili anaweza kutoka jasho saa ya tatu. Sufu inawasha, na wagonjwa wa figo wengi tayari ngozi inawawasha. Nunua vibonge kumi vya gramu 50, vyote siku moja, vyenye namba moja ya rangi kwenye karatasi yake. Ukirudi dukani baada ya wiki mbili utapewa "ile ile", na ukifika nyumbani utaona si ile ile.

Kuhusu rangi nitabishana na yeyote. Watu huchagua nyeusi au bluu nzito ili doa la damu lisionekane. Mie nataka lionekane! Mrija ukivuja, uonekane kwa mtu wa kwanza atakayetupa jicho. Nilichukua rangi ya mchanga.

Hatua ya 2: Sindano

Sindano za mduara, zile zenye ncha mbili zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Unene milimita 5, urefu sentimita 80. Hutafuma duara, utakuwa unakwenda na kurudi kama kawaida, lakini kazi yote inakaa mapajani juu ya waya. Zile mbili ndefu zilizonyooka zitamchoma kiwiko mwenzio kwenye benchi, na moja ikianguka itabingirika chini ya kitanda cha mgonjwa wa tatu. Yangu niliipata Kariakoo. Ukiikosa ya chuma chukua ya mianzi, haina kelele watu wakilala.

Muulize nesi kabla ya kuzitoa. Mie niliruhusiwa kwa sharti la kukaa upande usio na mashine, nami naona sharti hilo ni la haki.

Hatua ya 3: Kuanzisha

Anzisha macho 120, yaani vitanzi vya uzi juu ya sindano. Unajua kuanzisha, kama hujui muombe mtu akuanzishie, ni dakika kumi.

(Naita "macho" kwa sababu ya baba. Alitazama kazi yangu siku ya kwanza akasema, "Hii nyavu ya macho madogo hivi, utakamatwa." Tangu hapo sijaita vingine.)

Macho 120 kwa uzi huu ni kama sentimita 70 za upana. Inatosha kufunika mapaja na kubaki kidogo pembeni. Usiongeze kwa kutaka kumfunika mpaka mabegani. Mkono wenye sindano za mashine unatakiwa uonekane muda wote. Ukifunikwa na sindano ikachomoka, damu inaweza kumwagika chini ya kitambaa, wala mtu asijue. Kwa sababu hiyo hiyo usifume mitindo ya matundu matundu, hata kama ni mizuri. Matundu hunasa mirija.

Hatua ya 4: Kufuma

Kila mstari fuma jicho la kawaida, geuza, fuma jicho la kawaida. Mwanzo hadi mwisho. Kitatokea kitambaa chenye matuta pande zote mbili, kinene, kisichojikunja pembeni.

Najua inachosha. Lakini kazi ya hospitali ni ile unayoweza kuiacha katikati ya jicho, daktari akikuita, na ukirudi ukajua ulipo bila kusoma karatasi. Mara ya kwanza nilianza na mtindo wa kusuka kama nywele. Niliufumua siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kuhesabu

Urefu wa sentimita 90 ni mistari kama 306. Mie kwa saa nne nilikuwa napata 28 hivi, maana kuna kumwinua, kumfuta, kuzungumza, na kuna wakati hutaki kufuma, unataka kumwangalia tu. Kwa hiyo ni safari kumi na moja. Tulianza mwezi mwandamo wa Ramadhani. Nilipiga hesabu nikaona Sikukuu itamkuta na kifuniko chake.

Kila mistari kumi nilitia kokwa moja ya tende kwenye kopo. Kokwa zilikuwa zangu, za futari ya kwenye korido. Yeye tende alikatazwa kwa ajili ya potasiamu, na kwa mtu aliyefuturu kwa tende maisha yake yote, hilo lilimuuma kuliko sindano. Ukipoteza kopo, hesabu matuta ya upande mmoja. Kila tuta ni mistari miwili.

Kama umefunga, usitegemee hesabu yako baada ya alasiri. Mstari wa saa kumi jioni uhesabu upya baada ya kufuturu.

Hatua ya 6: Mshipi wa kuokolea

Kila mistari 20, chukua mshipi mwembamba wa kuvulia, tunga kwenye sindano butu, upitishe ndani ya macho yote 120 yakiwa bado kwenye sindano ya kufumia. Endelea kufuma kama vile haupo. Chochote kikiharibika juu yake, kazi itafumuka mpaka pale na kusimama.

Wengine hutumia uzi wa cherehani wa rangi nyingine. Uzi wa cherehani huacha vijinyuzi, na ncha ya sindano huutoboa ukaunganika na kazi. Mshipi hautobolewi. Ubaya wake ni kwamba ni mgumu na unateleza, unajirusha ukatoka wenyewe. Funga kila ncha kwenye kifungo cha shati. Wazo la mshipi lilikuwa la baba, nilipofika mstari wa 100. Alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati lake, lakini fundo la mshipi alilifunga bila kutazama.

Hatua ya 7: Kazi iliyoachwa ikaharibika

Hapa ndipo siku yangu nzima ilipoishia, kwa hiyo nivumilie.

Baba alifariki katika kumi la mwisho, usiku, nikiwa mstari wa 214. Nilitia kazi kwenye mfuko, mfuko nikausukuma chini ya kitanda. Sikukuu ilitukuta na wageni wa msiba sebuleni, hakuna aliyekumbuka biskuti. Mfuko niliufungua baada ya arobaini. Mtoto fulani wa nyumba hii, kati ya wale wanaotafuta mipira chini ya vitanda, alikuwa amechomoa sindano.

Kwanza, usivute chochote. Usiinue kazi kuitazama, uzito wake wenyewe unaifumua. Telezesha gazeti chini yake, uihamishie mezani, uibane na pini.

Halafu angalia: macho yamesimama, au yameshuka? Macho ya pamba yaliyokaa muda hayana haraka ya kushuka, mengi utayakuta yamesimama kama vipete. Yarudishe kwa sindano nyembamba kuliko yako, ya milimita 3, kisha uyahamishie kwenye ile ya 5. Kila jicho lina miguu miwili. Mguu wa kulia ukae mbele ya sindano. Ukikaa nyuma, jicho hilo limejigeuza, na ukilifuma hivyo hivyo litabaki limejisokota. Si msiba. Lifume kwa mguu wake wa nyuma, litanyooka.

Lililoshuka ndilo shughuli. Linaacha ngazi ya nyuzi za kulala, na kila ngazi ni mstari mmoja. Unalipandisha kwa sindano ya kroshia: ingiza ndani ya jicho, shika ngazi, vuta, panda. Nilifanya hivyo kutoka upande mmoja tu, jicho baada ya jicho, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nilipogeuza kazi nikaona vichochoro laini katikati ya matuta, kama njia za ng'ombe shambani. Kitambaa cha matuta hakipandishwi hivyo. Ngazi ya kwanza unaivuta kutoka mbele, ya pili unageuza kazi unaivuta kutoka nyuma, ya tatu mbele tena, mpaka juu. Ukikosea kuanza, tuta litakaa mahali pa bonde, utaliona mara moja. Shusha ngazi moja, uanze upande wa pili.

Lakini nikuambie ukweli: kwa jicho moja au matatu, pandisha. Kwa macho ishirini na kitu yaliyoshuka vina tofauti tofauti, kama yangu, acha. Mshipi wangu wa mwisho ulikuwa mstari wa 200. Mistari 14, dakika sita kila mmoja, haifiki hata saa moja na nusu. Kuifumua yote na kuifuma upya lilikuwa jambo la kabla ya adhuhuri. Nililijua tangu asubuhi.

Sikufumua kwa sababu ile 14 niliifuma siku ile, yeye akiwa bado anapumua. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Mama alikuwa kwenye eda, amekaa chumbani mlango wazi, ananiona. Ameishi na mvuvi miaka mingi, kuhusu nyavu anajua kuliko mimi. Akaniuliza, "Babako nyavu ikichanika alikuwa anaanzia wapi kushona?" Nikanyamaza, maana jibu nalijua. Jarife likichanika huanzi kwenye mchaniko. Unakata macho mabovu pembeni mpaka ufike kwenye macho mazima, ndipo unaanza fundo. Baba alikuwa akikata nyavu nzuri kwa kisu mpaka ukaona huruma.

Nikafumua mpaka kwenye mshipi, ukakamata macho yote 120, wala halikupotea hata moja.

Uzi uliofumuliwa unatoka umejikunja kama tambi. Usiufume hivyo, kazi itakuwa na mawimbi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne kwa kamba, uloweke maji ya vuguvugu, utundike kivulini na kikombe kikining'inia chini uunyooshe. Kesho yake umekauka. Mistari 14 ile niliifuma tena kwa uzi ule ule.

Hatua ya 8: Kufunga na kuficha ncha

Funga macho kwa ulegevu. Ukikaza, upande mmoja utakuwa mfupi na kifuniko kitakuwa kama trei. Wenye mkono mzito wafungie kwa sindano ya milimita 6. Mstari wa mwisho nilimpa mama. Mkono wake mlegevu kuliko wangu, na alikuwa na muda. Ilibaki wiki moja kufika Sikukuu ya Kuchinja.

Ncha za uzi zifiche kwa kuzipitisha ndani ya matuta, kwenda na kurudi, sentimita 5 angalau. Fundo peke yake halitoshi. Wavu hushikwa na fundo la kila jicho, kazi ya kufuma haina fundo hata moja humo ndani, ndiyo maana inavutika na ndiyo maana inafumuka. Hili nalo baba alikuwa haliachi. "Kazi gani haina fundo?"

Kufua: damu kwanza kwa maji baridi na sabuni ya kipande, maana maji ya moto huigandisha. Anika kikiwa kimelala juu ya mkeka. Ukikitundika kwenye kamba, pamba iliyoloa ni nzito, kitarefuka mpaka kimfae twiga.

Cha baba kilikuwa kabatini. Nimempa yule binti, amfunike nacho mama yake kwanza wakati yeye anafuma chao. Jana nilipita kuwaona wakiwa wametoka kwenye mashine. Amefika mstari wa 36, matuta yamenyooka, na mshipi bado hajaweka.