Kiti kinacholegea: zana za kununua, za kuazima na za kuziacha dukani

Pindua kiti kabla hujaenda dukani. Kilaze kichwa chini juu ya mkeka, shika miguu miwili inayotazamana, vuta kisha sukuma, huku macho yako yakiwa pale mbao zinapokutana. Ukiona mstari unafunguka na kujifunga, gundi imekufa na kiungo kimelegea. Mstari ukitulia lakini kiti kikayumba sakafuni, huenda mguu mmoja ni mfupi, au sakafu yenyewe haiko sawa. Kisogeze mahali pengine ujue. Skrubu ikizunguka bila kukaza, tundu lake limetanuka. Na ukikuta unga laini kama wa muhogo chini ya kiti, huyo ni dumuzi, na kazi yake ni nyingine kabisa.

Kiti cha kulia chakula huchoka kwenye viungo kwanza, uso baadaye. Lakini wengi hununua kinyume: mashine ya msasa, kopo la vanishi, kisha misumari ya inchi tatu kwa ajili ya mguu unaocheza. Msumari ndio unaomaliza kiti. Ule ulimi wa mbao ulioingia ndani ya tundu mara nyingi una unene wa milimita 8 hadi 12 tu. Msumari ukipita katikati yake unakuwa kabari na kuupasua kufuata nyuzi. Mguu utatulia majuma mawili, kisha utaanza kucheza tena, safari hii ulimi ukiwa vipande viwili. Kama mtu alishapigilia, ing'oe kwa koleo la misumari, ukiweka kibao chini ya koleo ili lisiache kovu kwenye mbao.

Kubana

Gundi nyeupe ya mbao inashika pale mbao zinapogusana na kubanwa. Haikuumbwa kuziba mwanya: ikijaa kwenye nafasi pana husinyaa inapokauka na kubaki dhaifu. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye klampu mbili ndefu. Kiti cha kawaida kina upana wa kama sentimita 45, basi klampu ya sentimita 60 inatosha. Kwa meza tafuta ya 120, au uiazime kwa fundi wa jirani, maana utaitumia mara moja kwa mwaka.

Bila klampu kazi bado inawezekana. Kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe mkanda wa upana wa sentimita 3, uvute kwa nguvu huku ukiuzungusha kwenye kiungo mara sita au saba; kila mzunguko unaongeza mbano. Kwa miguu minne kwa pamoja, zungusha kamba ya katani mara mbili, pitisha kijiti katikati ya nyuzi mbili na ukisokote mpaka kamba ilie. Weka vipande vya boksi kwenye kona, la sivyo kamba itachora mbao.

Ukishabana, usiondoke. Pima kwa tepu kutoka kona hadi kona ya fremu, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 3, kiti kimekwenda upande; legeza kidogo, sukuma kona iliyo ndefu, kaza tena. Kisha futa gundi iliyofurika kwa kitambaa chenye maji, sasa hivi, kabla haijakauka. Gundi iliyoachwa juu ya mbao huzuia rangi kuingia, na doa lake jeupe utaligundua ukishapaka vanishi. Acha kwenye mbano walau saa 1, na mtu asikikalie mpaka saa 24 zipite. Wakati wa masika, Tanga au Mombasa, kipe siku mbili.

Dukani soma kopo la gundi. Alama ya D3 inamaanisha inastahimili unyevu wa mara kwa mara, nayo yafaa kwa jikoni na barazani palipoezekwa. D4 ni ya nje. Isiyo na alama yoyote ibaki kwa vitu vya chumbani.

Patasi

Gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Hiyo ndiyo sababu kiti kilichogundishwa tena bila kusafishwa hulegea baada ya mwezi. Chomoa kiungo, loweka mabaki kwa siki ya moto kwa dakika kama kumi, kisha yakwangue kwa patasi mpaka uione mbao yenyewe. Kwangua gundi tu. Ukichonga ulimi umeupunguza, na umejiletea mwanya mwingine. Ulimi ukiwa tayari ni mwembamba, usijaze gundi na unga wa mbao. Omba maranda marefu kwa fundi, ya mbao ile ile, ugundishe moja kwenye ubavu wa ulimi, libane, likikauka upunguze kwa msasa mpaka ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono. Ukihitaji nyundo, bado ni mnene, utapasua tundu.

Patasi mbili zinatosha kuanzia, ya milimita 6 na ya 19. Usinunue seti ya kumi ya bei chee: chuma chake laini kinajikunja makali kwenye mninga. Patasi mpya, hata iliyo nzuri, haitoki kiwandani ikiwa tayari kwa kazi. Inolewe. Sugua kwanza mgongo wake kwenye jiwe mpaka sentimita 2 za mwisho zing'ae sawasawa, kisha mteremko wa makali. Kujua pembe bila kipimo, tazama ubavu: urefu wa mteremko ukizidi kidogo mara mbili ya unene wa chuma, uko karibu na nyuzi 25, na hapo ndipo panapotakiwa. Jiwe la kunolea lenye pande mbili, upande wenye chembe kubwa na upande laini, linatosha nyumba nzima kwa miaka.

Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu inasukumwa kwa nguvu halafu inateleza. Mkono usioshika mpini ukae nyuma ya makali siku zote. Na ukifanya kazi kwenye mvule, noa mara nyingi zaidi: mti huo hubeba ndani yake mawe madogo ya chokaa, nayo hung'oa makali.

Skrubu na matundu

Bisibisi za nyota si moja. Kuna PH (Phillips) na kuna PZ (Pozidriv), na skrubu nyingi za mbao za siku hizi ni PZ2. Ukiona mistari midogo minne kati ya mikono ya nyota, ni PZ. Ukitumia PH utasaga kichwa na kubaki na skrubu isiyotoka. Nunua zote mbili za namba 2, na bapa moja inayojaa mfereji wa skrubu za zamani.

Kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mbao ngumu, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 3, na ile mbao ya juu itoboe kwa ya 4 ili skrubu ipite bila kushika. Paka nyuzi za skrubu sabuni ya mche au nta. Tundu lililotanuka lijaze njiti za mbao zilizochovywa gundi, zikate zilingane na uso, subiri zikauke kabisa, toboa upya. Drili ya mkono ya kuzungusha inatosha kwa haya yote.

Uso

Jua kwanza unachotaka kusugua. Meza nyingi za madukani ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) yenye vinia juu, utando wa mbao ambao mara nyingi haufiki hata milimita 1. Mashine ya msasa ya mkanda huutoboa kwa sekunde chache, na hakuna dawa. Tazama ukingo wa chini wa meza: nyuzi zikikatika ghafla kwenye kona, ni vinia. Hapo tumia mkono na msasa wa namba 180, si chini, maana namba ikipungua msasa unakuwa mkali zaidi.

Kwenye mbao nzima, vanishi ya zamani iondoe kwa kipande cha msumeno mkuukuu kilichonyooshwa ukingo kwa tupa, ukikipinda kidogo kwa vidole gumba. Kisha msasa namba 80, 120, 180, kufuata nyuzi, ukiuzungushia kwenye kibao bapa. Ukiruka kutoka 80 hadi 240, mikwaruzo haionekani mpaka vanishi ikauke. Ndipo inajitokeza yote. Kwa kusugua kati ya mkono mmoja wa vanishi na unaofuata, tumia msasa mweusi wa 320 au 400.

Barakoa si hiari. Vumbi la mninga na la mvule huwasha pua na kifua, na kwa wengine huleta pumu.

Bonde lililotokana na kugongwa halitaki puti: kwenye mbao isiyo na vanishi, weka kitambaa chenye maji na ugusishe pasi ya moto sekunde kadhaa. Nyuzi zilizolala zinanyanyuka. Juu ya vanishi usijaribu, utabaki na doa jeupe.

Dumuzi

Sirinji ya mililita 5 ya duka la dawa ndiyo zana hapa. Ingiza dawa ya wadudu wa mbao, tundu kwa tundu, ukivaa glavu, mlango na madirisha yakiwa wazi. Funga matundu kwa nta ya rangi ya mbao, kisha tandika karatasi nyeusi chini ya kiti. Unga mpya ukionekana juu yake, rudia. Sirinji nyingine, usiichanganye na ya dawa, hupeleka gundi ndani ya kiungo kilicholegea lakini kisichotaka kuchomoka. Ilegeze gundi kwa matone machache ya maji ili ipite kwenye sindano nene. Kibane hicho kiungo kwa mkanda wa tyubu papo hapo, kwa sababu gundi hiyo nyepesi hukimbia chini kabla haijashika.