Mwisho wa kubandika: namna ya kuufumua na kuushona upya

Mjomba anapiga simu kutoka Bulaya na kutuma dola. Pasta anaomba, mgonjwa anasimama. Mwovu anagongwa na lori njia ya Sake. Mtazamaji wa filamu wa Goma, mashariki mwa Kongo, ameizoea miisho hii ya kubandikwa, isiyotokana na hadithi yenyewe, kiasi kwamba ataicheka hata pale ulipotaka alie. Kuandika upya onyesho la mwisho hakutakuokoa, maana pengo liko kurasa za mwanzo.

Andika mwisho wako kwa sentensi moja, kisha jiulize ni mkono wa nani unaofungua fundo. Kama ni wa mtu ambaye hajaonekana kabla ya theluthi ya mwisho, au ni bahati tu, una kazi.

Tuchukue mfano. Furaha, mjane wa Buhene, pembezoni mwa Goma, anapoteza nyumba usiku wa 22 Mei 2021, lava ya volkano Nyiragongo iliposhuka. Shemeji yake anaamini karatasi za parsele (kiwanja) zimeungua, basi anajitengenezea nyingine kwa jina lake. Mwandishi anakwama, analeta wakili kutoka Kinshasa mwenye nakala mfukoni.

Mlipuko wenyewe hauna ubaya, ingawa nao ni ajali: ajali inayomtumbukiza mhusika shidani hukubalika, inayomtoa hukataliwa. Kwa hiyo volkano iwe ukurasa wa 6, kamwe isije wa 28 kummeza shemeji. (Na lava ile ya 2021 iliishia pembezoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Ukiipitisha katikati ya mji kama ya 2002, ukumbi mzima utakusahihisha.)

Sasa mfute wakili. Kabla ya mlipuko, Furaha aliweka karatasi rehani kwa mama anayetunza pesa za likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) kule Birere, mtaa wa Goma, akakopa dola 300 za mtaji bila kuwaambia wakwe. Kwa mswada wa kurasa 30, hilo lionekane kabla ya ukurasa wa 5, kwa mistari miwili au mitatu, ndani ya onyesho lenye shughuli nyingine, tuseme ugomvi wa bei ya makala (mkaa). Karibu na ukurasa wa 15, mama wa likelemba arudi akidai chake.

Hapa wengi hukosea: hukipanda kitu, yaani hukionyesha mapema, kikiwa tayari kina sura ya wokovu, na mtazamaji anakinusa. Kije kwanza kama tatizo. Karatasi ile ni siri ya aibu, ndiyo inayomfunga Furaha mdomo shemeji anapojigamba. Mwishoni itabidi aseme mbele ya ukoo mzima kwamba aliiweka rehani, na deni bado liko palepale. Suluhisho lisilomgharimu mhusika chochote litaonekana la kubandikwa hata ukilipanda mara kumi.

Kujaribu: wasomee watu wanne wasioujua mswada, simama kabla ya onyesho la mwisho, waulize itaishaje. Wote wakitaja karatasi, umepiga kelele mno. Punguza mstari kule mwanzoni, usiguse ukurasa wa 15. Ukiwasomea mwisho wakauliza "Huyu ametoka wapi?", ongeza.

Wakubwa nao wamefanya. Euripides, mwandishi wa tamthilia wa Ugiriki, mwaka 431 kabla ya Kristo, alimtorosha mhusika wake Medea kwa gari la babu yake Jua, na mwanafalsafa Aristotle akamkosoa. Molière wa Ufaransa anafunga mchezo wake Tartuffe kwa afisa wa mfalme anayetokea dakika ya mwisho. Lakini mchezo huo ulipigwa marufuku 1664, ukaruhusiwa 1669 kwa ridhaa ya mfalme Louis XIV. Kama huna mfalme wa kumbembeleza, usimwige.

Je, filamu imekwisha kupigwa? Tafuta picha ya mwanzoni ambapo mhusika ameipa kamera mgongo, midomo isionekane, rekodi mstari mmoja wa sauti unaokipanda kitu chako, upachike hapo. Urekodi mahali palepale, pamoja na kelele zake za pikipiki na chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo), la sivyo utasikika kama umetoka chumbani.