Kukompaili HDF5 kwenye Raspberry Pi 4 (ARM ya biti 64)

Kwa kazi nyingi, HDF5 (maktaba ya kuhifadhi na kusoma data nyingi kwenye faili) inayokuja kwa `apt` inatosha. Mwongozo huu ni wa anayehitaji 1.14 ilhali mfumo wake una toleo la zamani (Debian 12 bado iko kwenye 1.10). Kasi usiitarajie sana: muda mwingi wa HDF5 huishia kwenye kusoma na kuandika diski, si kwenye prosesa.

1. Kagua mfumo

```
uname -m
dpkg --print-architecture
```

Ukiona `aarch64` kwenye amri ya kwanza, usiridhike. Kernel inaweza kuwa ya biti 64 huku programu zote zilizo juu yake ni za biti 32. Hapo amri ya pili huonyesha `armhf`, na kompaila itakutengenezea maktaba ya biti 32 bila kulalamika. Programu itakayoitumia haitavuka gigabaiti 4 za kumbukumbu. Kinachotakiwa ni `arm64`. Usipokipata, sakinisha kwanza mfumo wa biti 64.

2. Vifaa

```
sudo apt install build-essential zlib1g-dev python3-dev
```

`zlib1g-dev` isikosekane. Bila hiyo `configure` haisimami, inaendelea kimya kimya na kujenga maktaba isiyoweza kufungua data iliyobanwa kwa gzip. Utakuja kugundua siku faili ikigoma na ujumbe "required filter 'deflate' is not registered".

3. Jenga

Pakua tar.gz ya toleo rasmi la 1.14 kutoka HDF Group (watengenezaji wake), ifungue, ingia ndani ya folda yake:

```
./configure --prefix=/opt/hdf5 CFLAGS="-O3 -mcpu=cortex-a72"
```

Mwishoni hutoka muhtasari. Tafuta mstari wa "I/O filters (external)": lazima uwe na `deflate(zlib)`. Haupo? Rudi hatua ya 2 sasa hivi, kabla hujapoteza muda kwenye `make`.

Cortex-A72 ndiyo prosesa ya Pi 4. Ya Pi 5 ni Cortex-A76. Ukijenga kwa `cortex-a76` kisha ukahamishia maktaba kwenye Pi 4, programu inaweza kufa ghafla kwa "Illegal instruction", maana A76 ni ya Armv8.2 na ina maagizo ambayo A72, ya Armv8.0, haiyajui. Maktaba ya kutumika kwenye zote mbili ijengwe kwa `cortex-a72`.

```
make -j2
make check
sudo make install
```

Ikitokea "Killed signal terminated program cc1", kumbukumbu imekwisha. Rudia kwa `make -j1`. `make check` huchukua muda mrefu, lakini usiiruke: ni data yako itakayopita humo.

4. Ijulishe mfumo

```
echo /opt/hdf5/lib | sudo tee /etc/ld.so.conf.d/hdf5.conf
sudo ldconfig
```

Ukiruka hapa, programu zitalalamika kwamba `libhdf5.so.310` haionekani.

5. Python

Kifurushi cha kawaida cha h5py (kinachoiwezesha Python kutumia HDF5) hubeba HDF5 yake ndani, kwa hiyo ulichojenga hakitaguswa usipolazimisha. Ndani ya mazingira ya venv:

```
HDF5_DIR=/opt/hdf5 pip install --no-binary=h5py h5py
python -c "import h5py; print(h5py.version.hdf5_version)"
```

Namba itakayotoka ilingane na toleo ulilokompaili.

Programu za C zikompaili kwa `/opt/hdf5/bin/h5cc`. Ukichanganya faili za `.h` za `/usr` na maktaba ya `/opt`, HDF5 itagundua matoleo hayalingani na kujizima. Wapo wanaoinyamazisha kwa `HDF5_DISABLE_VERSION_CHECK`. Usifanye hivyo: ukaguzi huo umewekwa kwa sababu miundo ya data ikitofautiana, programu inaweza kuanguka au kukuharibia faili. Safisha, kisha kompaili upya kwa h5cc.