Kuipa huduma ya systemd vigeu vya mazingira mashine inapowaka

Programu inakwenda vizuri ukiiendesha kwa mkono kwenye teminali, lakini mashine ikiwashwa upya inagoma na kudai kigeu cha mazingira (thamani yenye jina ambayo programu hupewa inapoanza) kiitwacho DATABASE_URL hakipo. Kinachotokea ni kwamba ~/.bashrc na /etc/profile husomwa na sheli mtu anapoingia, na huduma inayowashwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, haipitii huko. Hata /etc/environment husomwa na PAM (mfumo unaothibitisha watumiaji wanapoingia), si na systemd. Ukijaza mistari ya export kwenye faili hizo, huduma haitaiona.

Tuseme huduma yako inaitwa ripoti. Usihariri faili yake iliyo chini ya /usr/lib/systemd/system, kwa sababu kifurushi kikisasishwa mabadiliko yako yatapotea. Tumia:

sudo systemctl edit ripoti.service

Kihariri kikifunguka, andika juu ya mstari unaoonya kwamba yaliyo chini yake yatatupwa:

[Service]
Environment="KITUO=Kituo cha Kati"
EnvironmentFile=/etc/ripoti/ripoti.env

Alama za kunukuu zizunguke jina na thamani kwa pamoja. Bila hizo, thamani hukatwa kwenye nafasi ya kwanza. Alama ya % iandikwe mara mbili, %%, kwenye mstari wa Environment. Usiandike PATH=$PATH:/opt/bin ukitegemea $PATH ifunguliwe: systemd huichukua kama maandishi matupu, kisha huduma hukosa hata amri za kawaida. Andika njia zote kwa ukamilifu.

Ndani ya ripoti.env kila mstari ni JINA=thamani, bila export mbele; mstari wenye export hurukwa, na onyo lake hubaki tu kwenye kumbukumbu za systemd (journal). Maelezo ya # yakae kwenye mstari wake, maana ukiyaweka baada ya thamani yanakuwa sehemu ya thamani hiyo. Kigeu kikiwa kwenye Environment na kwenye faili pia, cha kwenye faili ndicho kinachoshinda.

Nywila zisikae kwenye Environment kamwe. Mtumiaji yeyote wa mashine anaweza kuzisoma kwa systemctl show. Ziweke kwenye faili, kisha:

sudo chown root:root /etc/ripoti/ripoti.env
sudo chmod 600 /etc/ripoti/ripoti.env

Huduma itazipata hata kama inaendeshwa na mtumiaji mwingine, kwa kuwa systemd huisoma faili kabla ya kumkabidhi kazi. Kwa siri nzito zaidi, LoadCredential (mpangilio unaoipa huduma siri kama faili), iliyokuja na toleo la 247 la systemd, ni salama kuliko kigeu chochote, kwa sababu vigeu hurithiwa na kila mchakato mtoto.

Ukimaliza:

sudo systemctl restart ripoti

Systemctl edit hupakia upya mipangilio yenyewe. Ukihariri kwa njia nyingine, tanguliza sudo systemctl daemon-reload. Ukibadilisha ripoti.env peke yake, restart inatosha.

Usihakiki kwa systemctl show -p Environment, kwani haionyeshi vilivyotoka kwenye faili. Uangalie mchakato wenyewe:

sudo cat /proc/$(systemctl show -p MainPID --value ripoti)/environ | tr '\0' '\n'

Kigeu kisipoonekana hapo, soma journalctl -u ripoti -b.