Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzuru Fort Kochi na Mattancherry

Kinachowaharibia wageni wengi safari ya Fort Kochi na Mattancherry, mitaa ya kale ya biashara ya viungo katika jimbo la Kerala, India, ni kuchagua siku vibaya. Jumba la Mattancherry, walilolijenga Wareno katikati ya karne ya 16 na Waholanzi wakalikarabati baadaye, hufungwa Ijumaa. Sinagogi ya Paradesi, iliyojengwa 1568 jirani kabisa na jumba hilo, hufungwa Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi, na hata Ijumaa si ya kuitegemea. Jumapili asubuhi makanisa yana ibada. Basi tenga siku mbili kati ya Jumatatu na Alhamisi, ndipo upange mengine. Sinagogi pia hupumzika mchana, kwa kawaida saa saba hadi saa tisa, kwa hiyo anza nayo saa nne asubuhi, kisha ingia jumbani kutazama michoro ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, kutani. Kote kuwili kamera hazitakiwi ndani. Sinagogini utavua viatu, na kaptura au nguo isiyo na mikono itakuzuia mlangoni. Beba soksi, maana utakanyaga vigae vya kaure vya Kichina vilivyochorwa kwa mkono.

Hati zishughulikiwe mapema. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo anatakiwa kuonyesha cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa wiki ya safari, unaweza kuwekwa karantini ukifika. Viza ya mtandaoni inakubaliwa katika uwanja wa ndege wa Kochi. Ichapishe, usitegemee simu. Uwanja uko Nedumbassery, yapata kilomita 40 kutoka Fort Kochi, na foleni za magari za Ernakulam, upande wa bara wa jiji la Kochi, hurefusha safari. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu ya duara, kwa hiyo chukua adapta. Umeme wao ni volti 230, hauna shida.

Miezi mizuri ni Desemba hadi Februari. Juni hadi Agosti mvua hunyesha kwelikweli, na Oktoba na Novemba huja nyingine, mara nyingi jioni na radi. Usiku wa 31 Desemba sanamu kubwa ya mzee, iitwayo Pappanji, huchomwa moto Fort Kochi, na umati huwa mkubwa mno. Ukitaka kuwepo, weka chumba mapema na ufike mchana, kwa sababu usiku huo barabara na vivuko huelemewa.

Kutoka Ernakulam panda boti; ni rahisi na huchukua kama dakika 20. Wikiendi foleni za Water Metro, boti za umma za umeme, huwa ndefu, basi nenda asubuhi. Wenyeji hulipa kwa simu kila mahali, lakini mgeni asiye na akaunti ya huko atahitaji noti ndogo: rupia 10, 20 na 50. Bajaji ikikuahidi matembezi kwa bei ya kutupa, jua dereva analipwa na maduka atakayokupeleka. Taja unakokwenda, elewaneni bei, na sema wazi kwamba hutaki duka. Kutoka ufukweni hadi jumbani ni chini ya kilomita 3, na njia ya Bazaar Road, yenye maghala ya viungo, ni bora kuipita kwa miguu.

Nyavu za Kichina za kuvulia samaki, zilizo ufukweni Fort Kochi, ndizo zinazohitaji subira. Kila moja ni wavu mpana unaoning'inia kwenye boriti ndefu, ukisawazishwa na mawe yaliyofungwa kwenye kamba za urefu tofauti. Wavu ukipanda, mawe hutua jukwaani moja baada ya jingine, na hivyo watu wanne hadi sita wanaweza kuuinua mzigo wote huo. Hufanya kazi maji yakijaa. Tofauti na Mombasa au Zanzibar, hapa maji hupanda kama mita moja tu, kwa hiyo usiyapime kwa macho; muulize mvuvi. Wakati wa mvua gugumaji hushuka kutoka mitoni na kujaa wavuni, na wavuvi hushinda wakilitoa. Ukialikwa kuvuta kamba, utatarajiwa kutoa chochote. Ukinunua samaki ili vibanda vya jirani vikupikie, hakikisha wanapimwa mbele yako na ukubaliane bei mbili: ya samaki na ya kupika.

Katika kanisa la Mtakatifu Fransisko kuna kaburi alimozikwa Vasco da Gama, aliyefariki Kochi mwaka 1524. Mifupa yake ilirudishwa Ureno 1539, kwa hiyo mtu wa Malindi anayeijua nguzo yake asishangae kukuta jiwe tu.

Mkahawani ukiletewa maji ya rangi ya waridi, kunywa bila hofu kama bado yana joto. Yamechemshwa na vipande vya mti wa pathimugam.

Viungo vinunue vizima. Fungua iliki moja: mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata kidogo. Mdalasini halisi ni ganda jembamba lililojikunja tabaka nyingi. Lile nene na gumu ni la aina nyingine ya bei nafuu. Zafarani iache, kwa kuwa si zao la kawaida Kerala na ya bandia ni nyingi. Kabla ya kufunga begi, ulizia masharti ya afya ya mimea ya nchi unayorudi, hasa kwa chochote chenye mbegu.