Mgomba, Ng'ombe na Mfongo: Chagua Zana kwa Kutazama Shamba

Mkulima wa Moshi anayefikiria kununua pawatila, yaani trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, kwa ajili ya kihamba chake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ninamshauri akitazame kwanza kihamba chenyewe. Mgomba haupandwi upya kila msimu. Hukaa miaka mingi ukichipua shinani, na ndiyo maana wazee wa Kilimanjaro hawakuwa na haja ya plau, bali ujuzi wao waliuelekeza kwenye maji na samadi. Walichimba mifongo, yaani mifereji, iliyotoa maji makorongoni na kuyazungusha vilimani kwa mteremko mdogo mno, wakajenga nduwa za kuyakusanya usiku ili yafunguliwe asubuhi, na wakawekeana zamu za kumwagilia. Ng'ombe walifungwa ndani na kukatiwa majani, na samadi yao ikarudi mgombani.

Mesopotamia, nchi ya kale katika eneo la Iraki ya leo, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Shayiri na ngano hupandwa kila mwaka, maksai wakavuta plau, na nafaka iliyojaa ghalani ikahitaji kuhesabiwa. Maandishi ya kale kabisa ya huko mengi ni hesabu za nafaka na mifugo. Karibu na kwetu, Engaruka wilayani Monduli, wakulima wa kati ya karne ya 15 na ya 18 walijenga mifereji na matuta ya mawe yaliyowawezesha kulima katika nchi kavu, kazi ambayo hadi leo inanistaajabisha.

Kwa hiyo, mwenye kihamba aanze na samadi kabla ya mashine. Samadi iliyoachwa juani na kunyeshewa hupoteza nguvu yake, kwa hiyo irundikwe kivulini, ichanganywe na mabaki ya majani aliyoacha ng'ombe, kisha ifunikwe kwa majani makavu ya mgomba. Chomeka kijiti katikati ya rundo, ukichomoe baada ya siku chache na kukishika: kikiwa na joto na unyevu, rundo linaiva vizuri, kikiwa kikavu, nyunyiza maji na uligeuze. Samadi iliyoiva huwa nyeusi, hupukutika mkononi na haina harufu kali. Itandaze kuzunguka shina, ukiacha nafasi ili isiligandame, na uifunike kwa matandazo.

Mfongo nao usafishwe kabla ya kiangazi kuanza, mkianzia kwenye banio, pale maji yanapoingia kutoka mtoni, kwa sababu tope likiziba pale juu, wa mwisho kwenye zamu hukosa maji hata kama mto umejaa.