Kabla hujapulizia utitiri, hesabu wanaoula

Nikiitwa kuangalia miti ya matunda iliyopauka majani, huanza kwa kuuliza: wiki chache zilizopita mlipulizia nini, na mlikuwa mkimwinda mdudu gani? Mara nyingi naambiwa ilikuwa dawa ya viwavi wanaotoboa matunda, au ya vidukari. Basi, nusu ya habari nimeshaipata.

Utitiri, unaofyonza majani hadi yakapauka, si mdudu hasa. Una miguu minane, ni ndugu wa kupe na buibui, na dawa nyingi za wadudu haziuui. Wanaokufa ni walaji wake: utitiri windaji wa familia ya Phytoseiidae, na mbawakawa weusi wadogo sana wa jenasi Stethorus. Mwindaji hutembea huku na huku kwenye jani akitafuta chakula, kwa hiyo huokota sumu nyingi, ilhali mayai ya utitiri yamefichwa chini ya utando. Joto likifika nyuzi 30, yai la utitiri huwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi. Mwindaji akitoweka, hakuna wa kuuzuia.

Kwa hiyo anza na lenzi ya kukuza mara 10 au zaidi. Chuma majani ya miti mbalimbali, ya ndani na ya nje. Usichague ya kando ya barabara ya vumbi peke yake, maana huko utitiri huzidi siku zote. Geuza jani, fuata mshipa wa kati. Utitiri mharibifu huenda polepole, mara nyingi una madoa mawili meusi mgongoni, na mayai yake ni mviringo kama shanga. Mwindaji ana umbo la pea, anang'aa, na ukimgusa anakimbia. Mayai yake ni marefu kidogo na makubwa zaidi. Rangi isikudanganye, kwani akishiba utitiri mwekundu, naye hugeuka mwekundu.

Hesabu pande zote mbili. Kipimo kinachotumika sana kwenye matofaha ni mwindaji 1 kwa kila utitiri 10: ukikifikia na majani bado yana afya, weka pampu chini na urudi baada ya wiki. Matunda mengine yana viwango vyake, fuata vya zao lako.

Ikibidi kupulizia, soma kiambata hai (kile kinachoua ndani ya dawa), achana na jina kubwa la kibiashara. Majina yanayoishia na "thrin" kwenye lebo, kama deltamethrini na lambda-sihalothrini, ndiyo ninayoyaogopa zaidi: huua wawindaji, na mabaki yake hukaa wiki kadhaa. Kabarili nayo ni mbaya kwao, ingawa hapa kuna kisa ninachokipenda. Kule California, mtafiti Marjorie Hoy aliteua kizazi cha utitiri windaji Galendromus occidentalis kinachostahimili kabarili, kikaachiwa kwenye mashamba ya milozi. Usitegemee wako wawe hivyo. Imidaklopridi huua vidukari, lakini katika baadhi ya mimea imeonekana kuufanya utitiri utage zaidi. Salfa, ambayo wengi huihesabu kuwa dawa ya ukungu tu, huwaumiza baadhi ya wawindaji na huunguza majani joto likipita nyuzi 32. Usiikaribishe na mafuta ya kupulizia. Viachanishe kwa wiki mbili walau.

Hayo mafuta yenyewe nayapenda, mradi mti usiwe na kiu. Huua yanachokigusa tu, kwa hiyo lenga chini ya jani, na yakishakauka mwindaji anayeingia hadhuriki. Heksithiazoksi na klofentezini hushika mayai na watoto bila kuwagusa sana wawindaji, ila wazazi hubaki hai: usiseme dawa ni feki baada ya siku tatu. Abamektini huua wawindaji ikiwa bado mbichi, lakini huzama ndani ya jani, na iliyobaki juu huisha upesi. Anayeendelea kuila ni yule anayefyonza jani.

Usirudie dawa ileile. Dume la utitiri huzaliwa na yai lisilorutubishwa, lina seti moja tu ya jeni, na jeni ya usugu haina pa kujificha. Mwenye nayo hupona, asiyenayo hufa. Ndiyo maana Tetranychus urticae umeripotiwa kuwa sugu kwa viambata zaidi ya 90. Angalia kwenye lebo namba ya kundi la IRAC, kamati ya kimataifa ya usugu inayopanga dawa kwa jinsi zinavyoua, na safari ijayo tumia namba nyingine. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kundi moja.

Pulizia sehemu iliyoshambuliwa, uache mistari mingine iwe hifadhi ya wawindaji. Baada ya wiki rudi na lenzi kwenye miti ileile, uhesabu tena wote wawili. Miti ambayo utitiri umepungua lakini wawindaji nao hawaonekani, ifunge utepe na uikague kila wiki.